Kabla ya Kumwambia Mzazi Akague Daftari

Januari ikifika, kazi za chumba cha habari huwa zile zile. Kapige picha wazazi wanaobanana Kariakoo wakitafuta sare na viatu. Nenda shule moja ya pembezoni ukahesabu watoto wa darasa la kwanza waliokaa sakafuni. Mtafute ofisa elimu akanushe. Na pembeni ya habari yenyewe mhariri anataka kiboksi chenye rangi: mambo saba ya kumsaidia mwanao afanye vizuri shuleni. Mtengee mahali pa kusomea. Zima televisheni. Kagua daftari lake kila jioni. Msomee hadithi kabla hajalala. Fika shuleni, zungumza na mwalimu wake.

Sina ugomvi na ushauri huo. Ni mzuri, hata kama mara nyingi tunauchota kwenye tovuti za ughaibuni, kule ambako mtoto ana chumba chake na rafu ya vitabu. Ila kuna swali ambalo kiboksi hakina nafasi ya kuliuliza, na hapa nafasi ninayo. Huyo mzazi tunayemwambia akague daftari, yeye alijifunzia wapi kusoma? Nani alimfundisha, lini, na kwa nini?

Swali lenyewe linaonekana la kijinga mpaka utakapokumbuka tulikotoka. Tulipopata uhuru Desemba 1961, watoto waliokuwa shule za msingi Tanganyika nzima hawakufika laki tano. Wengi wao waliishia darasa la nne, maana hapo ndipo palikuwa na mtihani wa mchujo, na anayechujwa alirudi shambani. Sensa ya 1967 ilipopigwa ikaonekana kwamba katika kila watu wazima 100, 67 hawajui kusoma wala kuandika. Hao ndio waliokuwa wazazi. Mwambie mzazi wa 1967 akague daftari, naye atakachoweza kukagua ni kama lina uchafu au kurasa zimechanwa.

Si kwamba wazazi hao hawakujali. Katikati ya miaka ya 1950 wazazi wa Kiafrika walianzisha chama chao, TAPA, kilichotembea bega kwa bega na TANU, na kazi yake kubwa ilikuwa kufungua shule mahali ambako serikali ya mkoloni na wamisionari hawakufika au hawakutaka kufika. Watu wasiojua herufi walikata miti, wakaezeka nyasi, wakamtafuta kijana aliyefika darasa la sita au la nane wakamwambia fundisha. Chama hicho ndicho baadaye kilichogeuka kuwa Jumuiya ya Wazazi ya CCM, ambayo wengi wa rika langu tunaikumbuka zaidi msimu wa uchaguzi. Haya, tuliache hilo.

Sasa hapa ndipo historia inapokuwa tamu. Mei 1964, akiwasilisha bungeni Mpango wa kwanza wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere alisema jambo ambalo viongozi wengi wa nchi changa wasingethubutu kulisema mbele ya wapiga kura. Alisema tuanze na watu wazima. Hoja yake ilikuwa ya hesabu tu: mtoto unayempeleka shule leo, faida yake kwa uchumi utaiona baada ya miaka mitano, kumi, hata ishirini, wakati mtu mzima akijifunza leo, kesho anabadili namna anavyolima. Kila serikali ya Afrika wakati huo ilikuwa inakimbilia kujenga shule za watoto. Sisi tulijenga pia, lakini tukaamua kwamba baba na mama nao waingie darasani.

Haikuanza kwa kishindo. Mwaka 1968, kwa msaada wa UNESCO na UNDP, mradi wa majaribio ulianza Kanda ya Ziwa, makao yake Mwanza. Wazo lake lilikuwa kwamba mtu mzima hafundishwi kusoma kama mtoto. Humpi "a, e, i, o, u" aimbe. Unampa kitabu kinachozungumzia kazi yake: mkulima wa pamba anajifunza silabi kwenye maneno ya pamba, mvuvi kwenye maneno ya uvuvi, wengine kwenye ndizi au ng'ombe. Anamaliza kitabu anajua kusoma, na njiani ameokota maarifa ya mbolea na nafasi kati ya mistari. Mwaka 1969 kazi yote ya elimu ya watu wazima ikahamishiwa Wizara ya Elimu, na usiku wa kuamkia 1970 Mwalimu akautangaza mwaka huo kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka mmoja baadaye akataja wilaya sita ambazo zilitakiwa kufuta ujinga kabla ya 1971 kwisha: Mafia, Ukerewe, Masasi, Pare, Kilimanjaro na Dar es Salaam. Septemba 1971 mkutano mkuu wa TANU ukaongeza moto: nchi nzima ifike mwisho wa 1975.

Kwetu ni Ukerewe, kwa hiyo bibi yangu alikuwa mmoja wa waliolengwa na tangazo lile. Alijifunza kusoma kwenye kitabu cha pamba akiwa na mtoto mgongoni, na huyo mtoto ni mama yangu. Darasa lenyewe lilikuwa jengo la shule ya msingi. Asubuhi wanakaa watoto, alasiri wanakaa mama zao kwenye madawati yale yale, magoti yakigonga ubao wa juu. Anasema kilichomsumbua si herufi, ni kalamu. Mkono uliozoea jembe unaishika kalamu kana kwamba inataka kukimbia.

Hilo la jengo lisiwapite hivi hivi, maana ndilo kiini cha mambo. Sera ya wakati huo iliifanya shule ya msingi kuwa kituo cha elimu ya watu wazima, na mwalimu mkuu alikuwa na wajibu kwa wanakijiji wote, si kwa watoto peke yao. Walimu wa shule walifundisha, na walipokuwa hawatoshi wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, makarani, mashekhe na makatekista, yeyote aliyejua kusoma. Wale wa kujitolea walipewa posho ya Sh 30 kwa mwezi. Wanafunzi wengi walikuwa wanawake. Hebu fikiria maana yake: mwalimu anayemfundisha mtoto wako asubuhi ndiye anayekufundisha wewe jioni. Huhitaji barua ya mwaliko kwenda kumwona. Huogopi geti la shule. Unajua ubao uko wapi na chaki inanukaje. Leo tunaandika miradi mizima ya "kuwaleta wazazi karibu na shule", wakati miaka 50 iliyopita walikuwa ndani, wamekalia madawati.

Na haikuwa herufi tu. Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na kampeni zake, na watu walikusanyika kwa vikundi kuzunguka redio moja, anayejua kusoma akisoma kijitabu kwa sauti na wengine wakijadili. "Mtu ni Afya" ya 1973 ilifikia watu kama milioni 2 na ikaacha vyoo vingi nyuma yake. "Chakula ni Uhai" ikafuata 1975. Huko Mwanza likaanzishwa gazeti la vijijini lenye jina ambalo sijaona bora zaidi katika fani yangu: Elimu Haina Mwisho. Lilikuwa na maandishi makubwa, kwa ajili ya watu walioanza kusoma majuzi. Siku hizi hakuna mwekezaji atakayekupa hata shilingi kwa gazeti la namna hiyo.

Mitihani ya taifa ya kisomo ikafanyika 1975, baada ya watu zaidi ya milioni 5 kuandikishwa. Wasiojua kusoma wakashuka kutoka asilimia 67 hadi 39. Mwaka 1977 wakawa asilimia 27, mwaka 1981 asilimia 21, mwaka 1983 asilimia 15, na mwaka 1986 asilimia 9.6. Ndiyo, najua, takwimu za serikali za enzi za chama kimoja zinahitaji chumvi kidogo. Kulikuwa na ngazi nne za kufuzu, na aliyeshika ngazi ya chini hakuwa sawa na yule wa ngazi ya nne anayesoma gazeti na kuweka hesabu zake. Wengine walihudhuria kwa sababu balozi alipita nyumba kwa nyumba. Lakini hata ukikata theluthi nzima ya mafanikio hayo, bado ni jambo ambalo nchi chache maskini zimewahi kulifanya kwa kasi ile.

Kisha tazama kilichotokea kwa watoto wakati huo huo. Ada ya shule za msingi ilifutwa 1973. Novemba 1974 Azimio la Musoma likaamua kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, na Sheria ya Elimu ya 1978 ikamfanya mzazi asiyempeleka mtoto kuwa mkosaji mbele ya sheria. Wanafunzi wakaongezeka hadi zaidi ya milioni 3 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walimu hawakutosha, wakachukuliwa vijana wa darasa la saba wakafundishwa ualimu huko huko vijijini, na watani wakageuza UPE kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". Utani mkali, na ubora kweli ulishuka. Lakini ndani ya nyumba nyingi kulikuwa na kitu kilichoziba pengo kidogo: mtoto wa UPE alikuwa na mama wa kisomo. Mama yangu anakumbuka wakisoma pamoja chini ya kibatari, bibi akifuata mstari kwa kidole na mtoto akimsahihisha. Yule mama wa 1967 angetazama wino mwekundu tu: vema ni vizuri, kosa ni vibaya. Mama wa 1978 aliweza kuuliza, mbona hapa umekosa?

Halafu tukaacha. Nasema tukaacha kwa sababu hakuna siku iliyotangazwa kwamba kisomo kimekufa. Bei ya mafuta ilipanda, vita na Idi Amin vya 1978 na 1979 vikakomba hazina, maduka yakabaki na rafu tupu, na mwaka 1986 tukatia saini na IMF. Fedha za elimu zilipobanwa, cha kwanza kukatwa kilikuwa kile ambacho hakina mzazi wa kulalamika, yaani elimu ya mzazi mwenyewe. Posho za walimu wa kujitolea zikakoma. Vitabu vya kusoma baada ya kisomo vikaisha, na mtu aliyejifunza herufi bila kupata cha kusoma huzisahau kama unavyosahau namba ya simu usiyoipiga. Wakati huo huo mchango wa mzazi kwa shule za msingi ukarudishwa mwaka 1984, na uandikishaji uliokuwa karibu asilimia 98 mwanzoni mwa muongo ule ukaporomoka hadi sabini na kitu miaka ya 1990.

Kwa macho yangu, hapo ndipo mzazi alipobadilishwa cheo. Aliyekuwa mwanafunzi wa alasiri akawa mlipaji. Shule ikimwita, inataka fedha: ya dawati, ya mlinzi, ya mtihani, ya tofali. Nimeripoti vikao vya wazazi vya kutosha kujua ajenda inavyopangwa. Michango, chakula, jengo, nidhamu, na mwisho kabisa "mengineyo". Suala la watoto kujua kusoma, likitajwa, hutajwa kwenye mengineyo, saa saba mchana, jua likiwaka na nusu ya watu wameshaondoka.

MMEM iliyoanza 2002 ilijaribu kurekebisha, na haki yake tuipe. Ada ilifutwa tena, na wanafunzi wa msingi wakaruka kutoka milioni 4.8 mwaka 2001 hadi milioni 7.5 mwaka 2005. Kamati za shule zenye wazazi waliochaguliwa zilipewa akaunti za benki na madaraka ya kupanga ujenzi, mapato na matumizi yakatakiwa yabandikwe kwenye ubao wa matangazo. Ilikuwa hatua kubwa ya demokrasia. Lakini tazama mzazi alipewa kazi gani: asimamie saruji, ahesabu mabati, atie saini hundi. Yaani amepanda kutoka mlipaji hadi mhasibu. Na ule ubao wa matangazo, ni wangapi wangeusoma? Kisomo kilikuwa kimelala miaka 15 wakati huo.

Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ukaondoa ada hadi kidato cha nne, na Januari 2016 darasa la kwanza likafurika, kutoka takriban watoto milioni 1.5 mwaka uliotangulia hadi zaidi ya milioni 2. Wazazi wengi wakaelewa "bila malipo" kuwa "haikuhusu", na si ajabu. Ukimfundisha mtu kwa miaka 30 kwamba kazi yake shuleni ni kutoa fedha, siku unamwambia fedha hazitakiwi amebaki na nini? Mwaka huo huo ikabidi utoke waraka mwingine, Na. 3 wa 2016, wa kufafanua kwamba sare, madaftari, chakula na matibabu bado ni juu ya mzazi. Ukiusoma utaona orodha hiyo kwa kiasi kikubwa ni ya vitu vya kununua.

Sasa tuje kwa wale waliothubutu kuuliza swali lenyewe. Kuanzia 2010 Uwezo walipita nyumba kwa nyumba Tanzania, Kenya na Uganda, wakiwapa watoto hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Kwetu, matokeo ya kwanza yalionyesha kwamba ni kama watoto watatu tu katika kumi wa darasa la tatu walioweza kuisoma hadithi ya Kiswahili. Tulipiga kelele wiki mbili magazetini, tukawalaumu walimu wa "voda fasta", tukaendelea na mambo mengine. Lakini ripoti zao zilikuwa na jambo jingine: mtoto ambaye mama yake amesoma alikuwa anafanya vizuri zaidi. Uwezo pia waliwaeleza wazazi matokeo ya watoto wao pale pale mlangoni na kuwaachia vidokezo vya kuwasaidia. Watafiti watatu wa Marekani, Lieberman, Posner na Tsai, wakaenda vijijini Kenya kupima kama hilo lilibadili chochote, na mwaka 2014 wakachapisha jibu: hawakuona mabadiliko ya maana katika wanachofanya wazazi. Mzazi aliambiwa mtoto hasomi, akapewa na kiboksi kama changu, na maisha yakaendelea kama kawaida.

Msininukuu vibaya, sisemi wazazi ni wavivu. Ninachosema ni kwamba taarifa si sawa na uwezo. Bibi yangu hakupewa vidokezo saba. Alipewa mwalimu, daftari, kalamu na alasiri kadhaa za kila wiki kwa miezi mingi.

Na sisi wa mjini tusicheke. Tumejitengenezea ujinga wetu wa kisasa. Kisomo kilikuwa kwa Kiswahili, na shule ya msingi ilikuwa kwa Kiswahili, kwa hiyo mama na mtoto walikutana kwenye ukurasa mmoja. Leo anayejikamua kidogo anampeleka mwanawe ingilishi midiamu, na jioni mtoto anarudi na kazi ya sayansi kwa Kiingereza ambacho baba anakijua cha kuombea kazi tu. Asiyejikamua anakutana na ukuta huo huo mtoto akifika kidato cha kwanza. Suluhisho letu ni tuisheni, au bweni. Mambo ya bweni yalifika mahali ambapo mwaka 2023 serikali ililazimika kuzuia watoto wa awali hadi darasa la nne kulala shuleni. Mtoto wa miaka mitano! Huyo daftari lake utalikagua kwa simu?

Basi kama ni vidokezo, acha nitoe vyangu, vya mzazi ambaye hakubahatika kupata herufi au lugha. Mwambie mtoto akusomee wewe. Huhitaji kujua kusoma kusikia anapogugumia, anaporuka mstari, au anapokariri bila kutazama kitabu. Fumba ukurasa, muulize hadithi inahusu nini; akishindwa kusimulia hajasoma, ametamka tu. Mpeleke gengeni na noti ya elfu tano umwache ahesabu chenji kabla ya muuzaji. Vitendawili na hadithi za "paukwa, pakawa" ni somo kamili la lugha na kumbukumbu, na ni bure. Na nenda shuleni siku ambayo hujaitwa. Mwalimu atashtuka, atadhani umekuja kugombana, mwambie umekuja kuuliza mtoto anasomaje. Vikundi vya ushirikiano wa wazazi na walimu, UWAWA, vipo kwenye shule nyingi siku hizi. Vinaweza kuwa mlango, mradi visigeuke kuwa kamati nyingine ya michango.

Sensa ya 2012 ilikuta wanaojua kusoma na kuandika, wenye miaka 15 na zaidi, ni asilimia 78. Ya 2022 ikakuta 83. Tunapanda, ndiyo, lakini kwa karatasi bado tuko chini ya pale tulipojisifu kuwa tumefika 1986. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria ya 1975, bado ipo na bado inafundisha. Sijui kama kuna mhariri hata mmoja mjini hapa, wangu akiwemo, ambaye amewahi kuiweka kwenye kiboksi cha Januari kama kidokezo namba moja.

Nakusanya simulizi za waliopita kwenye madarasa yale. Aliyeingia kisomo akiwa na miaka 25 mwaka 1975 sasa amevuka 70, na wengi hawajawahi kuulizwa. Kama kwenu kuna bibi au babu wa namna hiyo, muulize mwalimu wake alikuwa nani, na kitabu chake cha kwanza kilizungumzia zao gani. Wa kwangu, nilipomuuliza, alianza kwa kunitajia bei ya pamba.